Kuchagua inteki ya hewa baridi kwa pikapu yako Uganda: vumbi kwanza, maji pili, nguvu mwisho

Pikapu inayofuata lori kwenye barabara ya vumbi Karamoja mwezi wa Januari haivuti hewa tupu. Inavuta udongo laini kama unga wa muhogo. Kinachozuia unga huo usifike kwenye silinda ni filta ya hewa, ukingo wake wa mpira na klipu chache. Kwa hiyo mtu anayetaka kubadilisha inteki, yaani mfumo wa mabomba na filta unaoingiza hewa kwenye injini, hapa Uganda asianze na swali la matangazo, yaani ataongeza nguvu kiasi gani. Aulize vumbi litapenya wapi, na mdomo wa kuvutia hewa utakaa juu kiasi gani gari likikanyaga maji ya mafuriko ya Bwaise, Kampala, au kuvuka mto wa msimu. Maswali hayo yakishajibiwa, ndipo joto la hewa na nguvu ya injini vinapopata nafasi.

Mwongozo huu unahusu pikapu zinazoonekana sana barabarani kwetu: Toyota Hilux, Isuzu D-Max, Mitsubishi L200, Nissan Navara, Ford Ranger na Land Cruiser 79.

Tazama kwanza kile gari lilichokuja nacho

Fungua boneti, ushike bomba la hewa pale linapoingia kwenye turbo (kifaa kinachobana hewa kabla ya injini), au kwenye injini kama gari halina turbo, kisha ulifuate kinyumenyume. Utafika kwenye boksi la filta. Ukiendelea, kwa pikapu nyingi utakuta mdomo wa plastiki umeingizwa ndani ya fenda au nyuma ya taa, mbali na radieta na egzosi. Maana yake kiwanda kimeshakupa inteki ya hewa baridi. Gari likiwa kwenye mwendo, hewa ya ndani ya fenda huwa na joto linalokaribiana na la nje. Seti inayotoa filta ndani ya boksi na kuiacha wazi kando ya injini inakuuzia hewa ya moto kwa jina la hewa baridi.

Kagua boksi hilo kabla ya kulikataa. Fungua klipu zote, toa filta, upitishe kidole kwenye ukingo wa mpira unaokaa kati ya mfuniko na boksi. Mpira mzuri ni laini na una alama moja iliyonyooka kuzunguka pande zote. Alama ikikatika mahali, vumbi linapita hapo hapo. Angalia klipu iliyolegea au kuvunjika, maana ni kawaida kukuta boksi lenye klipu nne linashikwa na mbili. Kunja hozi yenye mikunjo kama kinanda uangalie nyufa mabondeni, hasa upande wa chini usioonekana. Chini ya boksi, magari mengi yana kimdomo cha mpira cha kutolea maji na mchanga. Kikipotea, kunabaki tundu lililo wazi upande wa vumbi.

Gari la dizeli likikosa nguvu na kutoa moshi mweusi, mara nyingi tatizo halipo kwenye inteki. Kagua hozi za intakula (kipoozi cha hewa inayotoka kwenye turbo) kama zimepasuka, filta ya dizeli kama imeziba, na masizi ya EGR, mfumo unaorudisha sehemu ya moshi kwenye injini, kwenye njia ya hewa. Hayo yakishughulikiwa, wengi hawana haja tena ya kununua kitu.

Pima, usikisie

Kuna vipimo viwili, na vyote unaweza kuvifanya kwa gharama ndogo.

Cha kwanza ni joto. Chomeka skana ndogo ya Bluetooth kwenye soketi ya OBD, ile ya kusomea kompyuta ya gari, chini ya usukani, uunganishe na simu, utafute kipimo cha joto la hewa inayoingia. Endesha dakika kumi kwa kilomita 80 kwa saa, kisha linganisha na joto la nje. Hakikisha unasoma sensa iliyo karibu na filta. Baadhi ya magari yana nyingine baada ya turbo, na hiyo itasoma juu sana. Tofauti ikiwa chini ya nyuzi 10, hakuna baridi ya kununua, gari tayari linapumua hewa ya nje. Usipime ukiwa umekwama Kampala kwenye msongamano, maana boneti yoyote huchemka gari likisimama.

Cha pili ni mvuto, yaani injini inahangaika kiasi gani kuvuta hewa kupitia filta na mabomba. Nunua mita tatu za mpira mwembamba unaoonyesha ndani, wenye tundu la milimita 6, ule mafundi wa ujenzi wanaotumia kupima usawa kwa maji. Ufunge kwenye ubao wa mita moja na kidogo kwa umbo la U, kila mguu uwe na urefu wa mita moja. Jaza maji mpaka katikati ya miguu, uyatie rangi kidogo yaonekane. Mguu mmoja uache wazi. Mwingine uunganishe kwa kipande kingine cha mpira na upande safi wa mfumo, yaani kati ya filta na turbo. Kama hakuna kitundu cha kuunganishia, toa mfuniko wa boksi kabisa kwenye gari, toboa juu ya meza, safisha mabaki yote, ndipo uurudishe. Ukitoboa mfuniko ukiwa umefungwa, mabaki ya plastiki yataishia kwenye turbo. Kipimo kikiisha, ziba kitundu kwa bolti yenye washa, pamoja na silikoni.

Simamisha ubao upande wa abiria, pakia gari mzigo wake wa kawaida, tafuta mlima mrefu wa lami, ukanyage mafuta mpaka chini. Abiria asome tofauti ya urefu wa maji kati ya miguu miwili. Kila sentimita 10 ni karibu kilopaskali 1. Kwa filta mpya, tofauti ya chini ya sentimita 25 ina maana boksi la kiwandani halikunyimi kitu cha maana: hizo ni kilopaskali 2.5, wakati hewa ya Kampala ina shinikizo la karibu kilopaskali 88. Ikikaribia 50, kizuizi kipo kweli. Sasa tafuta kiko wapi. Toa mdomo wa fenda peke yake, rudia mlima ule ule kwenye lami. Namba ikishuka sana, shida ni mdomo na si filta, na hapo seti nzima ya bei kubwa haihitajiki.

Nguvu inatoka wapi, na haitoki wapi

Injini ya dizeli haiongezwi nguvu kwa kufunguliwa hewa. Nguvu inafuata kiasi cha dizeli kinachopulizwa na kompyuta au pampu. Ukiipa hewa zaidi bila kuongeza dizeli, moshi utapungua kidogo na joto la egzosi litashuka kidogo, basi. Kwenye dizeli yenye turbo kuna jambo jingine: turbo ikibana hewa inaipandisha joto kupita nyuzi 100, halafu intakula inaipooza. Nyuzi chache ulizookoa mlangoni zinamezwa na kazi hiyo. Faida ya inteki kubwa huonekana pale kompyuta imepangwa upya kutoa dizeli zaidi, au pale kipimo cha maji kimeonyesha kizuizi cha kweli.

Injini ya petroli, kwa mfano 2TR-FE ya lita 2.7 kwenye Hilux, inanufaika moja kwa moja zaidi. Hewa ya nyuzi 25 ina uzito unaozidi ile ya nyuzi 55 kwa karibu asilimia 10 kwa ujazo ule ule. Lakini faida hiyo unaipata tu kama sasa hivi gari linavuta hewa ya nyuzi 55, na kipimo cha kwanza kimeshakujibu.

Halafu kuna mwinuko. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, Kabale inakaribia 2,000. Injini isiyo na turbo, kama 1HZ ya Land Cruiser 79, inapoteza karibu sehemu moja ya nane ya hewa yake hapa Kampala ukilinganisha na Mombasa, na zaidi ya hapo ikifika milima ya Kigezi. Bomba la alumini haliwezi kurudisha hewa ambayo haipo. Muuzaji akikuahidi kwamba inteki "itaondoa uchovu wa mlimani" kwenye injini kama hiyo, anakuuzia sauti.

Na sauti ni jambo la kuangalia kwa makini. Filta ikiwa wazi, injini inanguruma na turbo inapiga mluzi, na sikio huamini gari limeamka. Tumia saa. Chagua mlima mmoja, gia moja, mzigo mmoja, upime sekunde kutoka kilomita 40 hadi 80 kwa saa, mara tatu kabla na mara tatu baada.

Aina za inteki, na ipi ya kuacha

Filta ya koni iliyo wazi ndani ya boneti ndiyo inayouzwa zaidi, na kwa matumizi ya Uganda iache. Inavuta hewa ya radieta, inajaa vumbi linalozunguka ndani ya boneti, na siku gari likipelekwa kuoshwa injini kwa mashine ya presha, maji yanapigwa moja kwa moja kwenye filta. Kibati cha kukinga joto kisichogusa boneti hakibadilishi mengi.

Bomba refu linaloshuka hadi nyuma ya bampa lina hewa baridi kweli, na ndilo la hatari kuliko yote. Maji hayabanwi. Chukua injini ya 1GD ya Hilux ya lita 2.8: ina sentimita za ujazo 2,755 kwa silinda nne, na mbano wa 15.6 kwa 1. Ukipiga hesabu, pistoni ikifika juu, nafasi inayobaki ni kama mililita 47. Hivyo ni vijiko vitatu vya chakula. Maji yakizidi hapo kwenye silinda moja, pistoni inayagonga kama ukuta na konrodi, mkono unaoshika pistoni, inapinda papo hapo. Filta iliyo sentimita 40 kutoka ardhini haihitaji mto kufikiwa na maji. Dimbwi la Kalerwe baada ya mvua ya saa moja linatosha, kwa sababu wimbi linalosukumwa na bampa hupanda juu kuliko maji yenyewe.

Boksi lililofungwa lenye filta kubwa ndani yake, likivutia hewa kwenye mdomo wa fenda wa kiwandani, ndilo la kuchagua kama kipimo kimeonyesha unahitaji kubadilisha. Sharti ni tatu: mfuniko uwe na mpira unaobanwa pande zote, filta ibanwe yenyewe kwenye bomba lake kwa klampu, na boksi liwe na njia ya kutoa maji yenye kimdomo kinachojifunga.

Kwa anayefanya kazi mashambani, kwenye miradi ya Kaskazini au Karamoja, ushauri wetu ni snokeli (bomba linalopandisha mdomo wa hewa hadi usawa wa paa) pamoja na boksi la kiwandani na filta bora ya karatasi. Sababu kubwa si maji. Hewa ya usawa wa paa ina vumbi pungufu kuliko ile inayorushwa na matairi, na ni baridi. Juu ya snokeli unaweza kuweka kichwa cha kuzungusha hewa, kile chenye chombo cha plastiki kinachokusanya mchanga. Mchanga mzito unarushwa pembeni kabla ya kufika kwenye filta, na filta inaishi muda mrefu zaidi. Kichwa hicho hakizuii vumbi laini, na kikiwa kidogo kuliko mahitaji ya injini kinaongeza mvuto, kwa hiyo rudia kipimo cha maji baada ya kukifunga.

Snokeli nyingi mitaani ni za mapambo: zimefungwa kwa skrubu kwenye fenda, lakini kiungo cha ndani hakijazibwa. Kuijaribu ni rahisi. Injini ikiwa kwenye silensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, funika mdomo wa snokeli kwa kipande cha ubao kilichobandikwa shiti ya mpira. Usitumie kiganja wala kitambaa, maana mvuto wake ni mkali. Injini inatakiwa kulegea na kuzima ndani ya sekunde chache. Ikiendelea kunguruma kama kawaida, inavuta hewa mahali pengine, na maji pamoja na vumbi vitapita hapo hapo.

Filta yenyewe

Kinachosaga injini si changarawe bali chembe ndogo zisizoonekana, za maikroni 5 hadi 20, zinazoingia kati ya ringi na silinda na kusugua kama msasa. Ndiyo maana asilimia ndogo ina uzito mkubwa. Filta inayozuia asilimia 99 na ile ya asilimia 97 zinasikika kama ndugu. Zipe gramu 100 za vumbi kila moja: ya kwanza inapitisha gramu 1, ya pili gramu 3. Injini ya pili imekula vumbi mara tatu.

Omba ripoti ya ISO 5011, kipimo cha kimataifa cha filta za hewa. Isome vizuri, usiishie kwenye namba kubwa iliyochapishwa kwenye boksi. Angalia ni vumbi gani lilitumika, laini au la chembe kubwa, kwani filta ile ile inapata alama nzuri zaidi kwa vumbi la chembe kubwa. Angalia pia asilimia ya mwanzo, filta ikiwa mpya, kwa sababu filta yoyote huzuia vizuri zaidi ikishajipaka vumbi kidogo. Muuzaji asiye na ripoti anauza sura.

Karatasi bora ya kiwandani kwa kawaida huzuia zaidi ya asilimia 99 na haitaki mafuta. Kwa vumbi letu ndiyo chaguo la kwanza, ingawa hutupwa ikichoka. Kitambaa cha pamba kilichopakwa mafuta, ambacho kampuni ya K&N ya Marekani ndiyo iliyokipa umaarufu, kinapitisha hewa kirahisi na kinaoshwa, lakini usalama wake unategemea mkono wa anayekipaka mafuta: yakipungua vumbi linapita, yakizidi yanaruka na kupaka sensa. Sintetiki kavu inakaa katikati, inaoshwa na haina mafuta. Kama lazima utoke kwenye karatasi, chukua hiyo. Sponji yenye mafuta inabeba vumbi jingi kabla ya kuziba, lakini nayo inataka uangalizi wa mara kwa mara.

Sensa ya MAF na kipenyo cha bomba

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Sensa ya MAF, inayoiambia kompyuta kiasi cha hewa inayoingia, haipimi hewa yote. Inapima kipande kidogo kinachopita kwenye kijitundu chake, na kompyuta inakadiria jumla kwa kuamini kwamba bomba lina kipenyo fulani. Ukiihamishia kwenye bomba pana zaidi, hewa inapita polepole mbele ya sensa na kompyuta inadhani hewa imepungua. Mfano: bomba la ndani la milimita 70 likibadilishwa na la milimita 76, eneo linaongezeka kwa karibu asilimia 18. Injini ya petroli itakwenda na mafuta pungufu na kuleta kosa la P0171. Ya dizeli itavuruga EGR na kubana dizeli bila sababu, na unaweza kuona P0101, kosa la sensa ya MAF.

Kwa hiyo pima kipenyo cha ndani cha kiota cha sensa, yaani kipande cha bomba inapokaa, kwa venia (kifaa cha kupimia kipenyo), mara mbili kwa pembe tofauti, uandike. Kiota cha seti mpya kilingane na hicho kwa nusu milimita. Sehemu nyingine za bomba zinaweza kuwa pana, hapo tu pasiguswe. Kabla ya sensa kuwe na bomba lililonyooka, angalau sentimita 15, kwani kona kali huleta msukosuko na usomaji unaruka. Mshale wa mwelekeo wa hewa uelekee injini. Kama kiota cha zamani kina wavu, seti mpya nayo iwe nao.

Si kila pikapu ya dizeli ina sensa hii. 1HZ haina, na baadhi ya dizeli za zamani pia hazina. Angalia plagi ndogo ya umeme kwenye bomba mara baada ya boksi la filta.

Ukienda kununua

Usiende kwenye maduka ya vipuri ya Kisekka au Ndeeba na jina la gari tu. Beba namba ya chasi, aina ya injini kama ilivyoandikwa kwenye kibati, vipimo vyako vya venia na picha nne za chumba cha injini zinazoonyesha betri, boksi la filta, bomba lote na hozi ndogo zinazounganika nalo. Seti nyingi za Marekani zimetengenezwa kwa Tacoma na F-150, ambazo usukani wake uko kushoto, na mpangilio wa betri na breki kwenye Hilux yetu ni tofauti. Seti za soko la Australia na Thailand, nchi ambazo usukani ni kulia kama kwetu, zinakaa vizuri zaidi.

Hesabu tundu za pembeni. Bomba la zamani lina hozi ya kupumulia injini, ile inayotoka kwenye mfuniko wa vali, na pengine hozi nyembamba ya vakyumu. Bomba jipya lisilo na sehemu hizo litamfanya fundi aache hozi ikining'inia. Hapo kuna mlango wa vumbi kwenye injini na mafuta yanamwagika juu ya vyuma vya moto.

Filta bandia zipo nyingi. Namba za filta za hewa za Toyota huanza na 17801, lakini namba haitoshi, huchapishwa na yeyote. Ibonyeze kingo: mpira wa kweli unarudi ukiuachia, wa bandia unabaki na alama ya kidole. Hesabu mikunjo ya karatasi na kulinganisha na ile uliyoitoa kwenye gari. Washa tochi ya simu upande wa ndani, chumbani penye giza. Mwanga unatakiwa kuwa hafifu na sawasawa, na tundu lolote linalong'aa, hasa pale karatasi inapokutana na mpira, ni sababu ya kuirudisha.

Ukitaka bomba la kuchomelewa, mafundi wa Katwe wanaweza kulitengeneza vizuri ukisimamia mambo matatu. Liwe la alumini au chuma kisichoshika kutu. Bati lililopakwa zinki hubanduka magamba ndani, na magamba hayo yanaenda kwenye turbo. Maungio yasagwe kwa ndani mpaka kidole kisikwame, halafu bomba lioshwe kwa sabuni na kukaushwa. Na kati ya sehemu iliyofungwa kwenye bodi na ile iliyo kwenye injini kuwe na hozi ya silikoni yenye nundu, inayonyumbulika. Injini inacheza juu ya mipira yake kila unapobadili gia. Bomba gumu litapasuka kwenye ungio au litajichomoa polepole bila wewe kujua.

Kufunga

Acha injini ipoe. Osha na kausha eneo la boksi kabla ya kufungua chochote, ili mchanga usidondoke ndani. Tenganisha waya hasi wa betri kwa spana namba 10. Bonyeza kifungo cha plagi ya MAF na kuichomoa kwa kushika plastiki, usivute waya. Toa sensa kwa bisibisi inayolingana na skrubu, uiweke ndani ya mfuko safi. Kama imechafuka, tumia dawa maalumu ya MAF. Petroli na dawa ya kabureta huiharibu, na usiiguse kwa pamba.

Ukitoa hozi ya turbo, ziba mdomo wake mara moja kwa kifuniko cha plastiki kikubwa chenye rangi kali. Usiusindike kwa kitambaa kidogo. Gurudumu la turbo linazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na nati moja au uzi wa kitambaa vinatosha kulimaliza. Ukiwa hapo, shika mhimili wake kwa vidole uusikilize. Mchezo mdogo wa pembeni ni wa kawaida, lakini ukisukuma na kuvuta kwenda mbele na nyuma ukasikia unagonga, turbo ndiyo inayohitaji pesa zako kwanza.

Panga vipande vyote vikiwa vimelegea, kisha kaza kuanzia turbo kwenda kwenye filta. Hozi iingie juu ya bomba angalau sentimita 3, na klampu ikae nyuma ya ukingo ulioinuka, milimita 5 kutoka mwisho wa hozi. Kaza mpaka silikoni ianze kuvimba kidogo pembeni mwa klampu, uishie hapo. Usipake grisi kwenye maungio, itafanya hozi iteleze. Funga breketi zenye mpira. Fungia boneti polepole na kipande cha udongo wa kuchezea juu ya sehemu ya juu kabisa ya bomba, kisha fungua uone umebanwa kiasi gani. Ukibaki chini ya sentimita 1, bomba litasuguana na boneti.

Washa, liache kwenye silensa dakika tano, soma makosa kwa skana. Kwa petroli, endesha kilomita 50 kisha angalia kwenye skana marekebisho ya muda mrefu ya mafuta (long term fuel trim). Yakizidi asilimia 10 juu au chini, rudi kwenye kipenyo cha kiota na uvujaji.

Jaribio la grisi

Hili lifanye kila mtu, hata asiyebadilisha kitu. Paka grisi nyeupe kwa utando mwembamba kama wa siagi kwenye mkate, upana wa vidole viwili, ndani ya bomba la upande safi, mara baada ya filta lakini baada ya sensa ya MAF, siyo kabla yake. Endesha kilomita 200 ikiwemo barabara ya vumbi. Fungua, chota grisi kwa kidole safi, uisugue kati ya vidole. Ikibaki nyeupe na laini, mfumo umefungwa. Ikiwa na wekundu au inakwaruza, vumbi linapita, na mahali wekundu ulipokolea panakuonyesha upande linakotokea. Futa grisi yote ukimaliza.

Ukiendelea kutumia karatasi, acha mtindo wa kuipuliza kwa upepo wa kituo cha mafuta kila wiki. Presha hiyo inatanua matundu ya karatasi na kung'oa gundi ya mikunjo, na kila ukifungua boksi unaleta nafasi ya mchanga kudondoka upande safi. Ukilazimika porini, gongagonga filta kwenye tairi, au puliza kutoka ndani kwenda nje kwa presha isiyozidi bar 2, pua ya mpira ikiwa sentimita 15 kutoka kwenye karatasi. Afadhali zaidi ufunge kipimo cha mvuto kama kile cha malori, chenye alama inayopanda na kubaki pale ilipofika. Filta inabadilishwa alama ikifika kiwango, si kwa kuangalia rangi yake.

Filta ya pamba ioshwe kwa dawa yake, isuuzwe kutoka upande safi kwenda upande mchafu, ikauke kivulini bila upepo wala jua kali, ipakwe mafuta mstari mmoja kila mkunjo, iachwe dakika 20, kisha ifutwe ziada kwa karatasi laini kabla ya kurudishwa. Na unapolipeleka gari kuoshwa, funga mfuko wa plastiki kwenye mdomo wa snokeli au fenda, uandike kwenye karatasi juu ya usukani kwamba mfuko upo, ili dereva asiwashe injini ukiwa bado umefungwa.